Mnyororo wa Pikipiki: Msuguano, Kutu na Kazi ya Mafuta

Mwanafunzi, ukiulizwa faida na hasara za msuguano, bila shaka utazitaja zote kwa kichwa. Lakini ukiulizwa kwa nini mnyororo wa pikipiki "hurefuka", au kwa nini kuumwagia mafuta ukiwa mchafu kunauharibu badala ya kuutunza, huenda ukasita. Mtihani wa Fizikia wa Kidato cha Nne utaufanya kwa Kiingereza, na maneno ya Kiingereza umekwisha kuyapata katika daftari lako. Hapa tutalielewa jambo lenyewe kwa lugha yetu, tukitumia chombo kinachopita mbele ya kila shule ya Pemba.

Somo hili lina manufaa nje ya mtihani pia. Wengi wenu mna kaka, baba au mjomba anayeendesha bodaboda kati ya Chake Chake, Wete, Mkoani na Konde. Mnyororo ukikatika wakati pikipiki inapanda kilima na abiria nyuma, nguvu ya injini haifiki tena kwenye gurudumu. Mnyororo uliokatika unaweza pia kujikunja na kulikaba gurudumu la nyuma ghafla. Mtu anaweza kuumia kwa kukosa kazi ya nusu saa na kikombe kimoja cha mafuta ya taa.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kutaja sehemu za mnyororo na kazi ya kila sehemu;
(b) kukokotoa uwiano wa mwendo wa magurudumu ya meno;
(c) kueleza kwa nini mnyororo hurefuka;
(d) kueleza namna chumvi, maji na mchanga vinavyoharibu chuma;
(e) kusafisha mnyororo na kuupaka mafuta kwa mpangilio ulio sahihi na salama.

1. Mnyororo umeundwaje?

Mnyororo wa pikipiki, au cheni kama tunavyouita mitaani, una pingili nyingi zilizounganishwa. Kila pingili ina sehemu hizi:

Mabamba: vipande bapa vya chuma vilivyo pembeni. Kazi yake ni kubeba mvuto.
Pini: kijiti cha chuma kigumu kinachounganisha pingili moja na nyingine.
Bushi: bomba fupi linaloizunguka pini. Pini huzunguka ndani yake.
Rola: bomba jingine linaloizunguka bushi. Hili ndilo linalogusa meno.

Muundo huu una historia. Mwaka 1880 Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza, alipata hataza ya mnyororo wenye bushi na rola. Katika minyororo ya awali, pini ilibanwa na kingo nyembamba za mabamba tu. Kumbuka kanuni ya kanieneo: kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Eneo likiwa dogo, kanieneo huwa kubwa na chuma hulika haraka. Bushi iliongeza eneo la mgusano, hivyo kanieneo ikapungua. Rola nayo ilibadilisha mgusano wa kuteleza juu ya meno kuwa mgusano wa kubingirika, na msuguano wa kubingirika ni mdogo kuliko wa kuteleza.

Zingatia jambo hili, kwa kuwa somo zima limejengwa juu yake: mnyororo una mgusano unaoonekana, kati ya rola na meno, na mgusano usioonekana, kati ya pini na bushi. Ule usioonekana ndio unaoamua mnyororo utaishi muda gani.

2. Uwiano wa mwendo

Mnyororo hupeleka nguvu kutoka gurudumu dogo la meno lililo kwenye injini (gurudumu endeshi) hadi gurudumu kubwa la meno lililo kwenye tairi la nyuma (gurudumu endeshwa). Magurudumu haya mafundi huyaita sproketi.

Uwiano wa mwendo = idadi ya meno ya gurudumu endeshwa ÷ idadi ya meno ya gurudumu endeshi

Mfano wa 1. Pikipiki ina meno 14 mbele na meno 42 nyuma. Gurudumu endeshi likizunguka mara 1,200 kwa dakika, tairi la nyuma litazunguka mara ngapi?

Jibu: Uwiano wa mwendo = 42 ÷ 14 = 3. Tairi litazunguka mara 1,200 ÷ 3 = 400 kwa dakika.

Mzunguko umepungua mara tatu, lakini momenti ya kugeuza tairi imeongezeka karibu mara tatu. Ndiyo maana pikipiki ndogo huweza kupanda kilima ikiwa imebeba gunia la karafuu. Tunasema "karibu" kwa sababu sehemu ya kazi hupotea kuwa joto kutokana na msuguano. Mnyororo mkavu wenye kutu hupoteza kazi nyingi zaidi, yaani ufanisi wake ni mdogo, na petroli inayopotea hulipwa na mwenye pikipiki.

Mfano wa 2. Mnyororo wa pikipiki hiyo una pingili 118, na tairi lina mzingo wa mita 1.9. Kutoka Chake Chake hadi Mkoani ni kama km 30. Kila pini itakunjwa na kukunjuliwa mara ngapi katika safari hiyo?

Jibu:
Mizunguko ya tairi = 30,000 ÷ 1.9 = 15,789 hivi.
Pingili zilizopita kwenye gurudumu endeshwa = 15,789 × 42 = 663,000 hivi.
Mnyororo mzima umezunguka mara 663,000 ÷ 118 = 5,600 hivi.
Katika kila mzunguko pingili hujikunja inapoingia na inapotoka kwenye kila gurudumu la meno, jumla mara 4. Hivyo 5,600 × 4 = mara 22,400 hivi.

Safari moja tu ya Mkoani, na kila pini imejisugua ndani ya bushi yake zaidi ya mara 22,000. Sasa fikiria kazi hiyo ikifanyika bila mafuta, au penye mchanga.

3. Kwa nini mnyororo hurefuka?

Nikiuliza swali hili darasani, wanafunzi wengi hujibu kwamba chuma kimevutwa kikanyooka kama mpira. Jibu hilo si sahihi. Katika matumizi ya kawaida mabamba hayavutiki kiasi cha kuonekana. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi hulika. Pini ikilika kidogo, nafasi ndogo hujitokeza kati yake na bushi, na pingili mbili huachana kwa kiasi hicho.

Mfano wa 3. Kila maungio ya mnyororo wenye pingili 118 yamelika kwa milimita 0.1. Mnyororo umerefuka kwa kiasi gani?

Jibu: 118 × 0.1 = milimita 11.8, yaani zaidi ya sentimita 1.

Milimita 0.1 huwezi kuiona kwa jicho, lakini ikijumlishwa mara 118 mnyororo unalegea na kupigapiga. Zaidi ya hapo, pingili zilizorefuka hazilingani tena na nafasi za meno. Rola hupanda juu ya jino badala ya kukaa chini, na meno huanza kuchongoka na kupinda. Ukiyaona meno ya sproketi yamekuwa makali kama ya papa, jua kuwa mnyororo na sproketi zote zimekwisha. Hapo mafuta hayasaidii. Mnyororo mpya ukifungwa kwenye meno ya aina hiyo nao utaharibika upesi, ndiyo maana mafundi hushauri vibadilishwe vyote kwa pamoja.

4. Maadui watatu: mchanga, maji na chumvi

Pemba ni kisiwa chenye urefu wa kama km 67 na upana wa kama km 22. Bahari haiko mbali na popote, mvua za masika na za vuli ni nyingi, na njia za kwenda mashambani ni za udongo. Kwa mnyororo, hayo ni mazingira magumu.

Mchanga. Chembe nyingi za mchanga ni za madini yaitwayo kwazi, ambayo ni magumu sana. Chembe hizo zikichanganyika na mafuta hugeuka kuwa msasa wa majimaji. Ukimwaga mafuta juu ya mnyororo wenye mchanga, mafuta huubeba mchanga na kuupeleka ndani, kwenye pini. Umetia mafuta, lakini kwa kweli umeongeza usagaji. Hii ndiyo sababu kusafisha hutangulia kupaka.

Maji. Chuma, oksijeni na maji vikikutana hutengeneza kutu, yaani oksidi ya chuma yenye maji:

4Fe + 3O₂ + 2nH₂O → 2(Fe₂O₃·nH₂O)

Kutu haishikamani vizuri na chuma. Hubanduka, chuma kipya kinabaki wazi, nacho hushika kutu tena. Unga wa kutu ulionaswa kati ya pini na bushi nao husaga.

Chumvi. Kila kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi ikiyeyuka katika unyevu uliopo juu ya chuma hufanya elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha umeme kwa ioni, na mmenyuko wa kutu huenda kasi zaidi. Pikipiki inayobeba samaki kutoka diko la Tumbe huku maji ya chumvi yakidondoka nyuma itashika kutu mapema kuliko inayobeba mwalimu kwenda shuleni.

5. Mafuta hufanya nini?

Mafuta hufanya kazi tatu: hutenganisha nyuso mbili za chuma ili zisigusane moja kwa moja, huzuia maji na oksijeni visifike kwenye chuma, na hupunguza kelele na mshindo.

Lakini mafuta lazima yafike mahali pa kazi. Nafasi kati ya mabamba na ile kati ya pini na bushi ni nyembamba sana. Mafuta huingia humo kwa ukapilari, nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi. Hapa sifa ya mnato ni muhimu:

Grisi nzito ina mnato mkubwa. Hubaki nje, haingii ndani, na hunasa mchanga.
Mafuta mepesi mno huingia upesi lakini hurushwa nje mnyororo unapozunguka.
Oili ya gia ya SAE 90 iko katikati. Huingia ndani, hasa mnyororo ukiwa na uvuguvugu, na hukaa. Mafuta maalumu ya minyororo yanayopulizwa kutoka kwenye kopo yametengenezwa yaingie yakiwa mepesi, kisha yawe mazito.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini hutumiwa na wengi kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini. Ni bora kuliko mnyororo mkavu wenye kutu, lakini inapeleka usagaji mahali tunapotaka kuuondoa. Kiasi kidogo cha oili safi ni bora kuliko kikombe kizima cha oili chafu.

Sasa unaona kwa nini mnyororo unaong'aa kwa mafuta kwa nje unaweza kuwa umekauka kwa ndani. Usiuamini mng'ao.

6. Hatua za kusafisha na kupaka mafuta

Vifaa: mafuta ya taa, burashi au mswaki wa zamani, vitambaa vikuukuu, oili safi ya gia au ya minyororo, chombo cha kukingia uchafu, na glovu kama zipo.

Hatua ya 1. Zima injini na uondoe ufunguo. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali palipo sawa, gia ikiwa huru. Tairi la nyuma lizungushwe kwa mkono tu. Usisafishe kamwe mnyororo huku injini inaunguruma. Kidole kikivutwa kati ya mnyororo na meno, hakuna muda wa kukitoa, na vidole hukatika.

Hatua ya 2. Kagua kwanza. Tazama kama kuna bamba lenye ufa, rola iliyovunjika, pingili zilizokaza zisizokunjika, au meno yaliyochongoka. Tazama pia klipu ya pingili ya kuungia: upande uliofungwa uelekee kule mnyororo unakokwenda, na upande ulio wazi uwe nyuma. Ikiwekwa kinyume, inaweza kuchomoka.

Hatua ya 3. Ondoa udongo mkavu kwa burashi kavu. Ukianza kwa mafuta utapata tope.

Hatua ya 4. Weka chombo chini. Lowesha burashi kwa mafuta ya taa na usugue mnyororo pande zote nne: juu, chini, kulia na kushoto, ukizungusha tairi polepole. Sugua na meno pia. Usitumie petroli: hugeuka mvuke kwa urahisi katika joto la kawaida, na mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu. Aidha, minyororo ya baadhi ya pikipiki ina ringi ndogo za mpira kati ya mabamba. Petroli na burashi ya waya huharibu ringi hizo.

Hatua ya 5. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisiwe na uchafu mwingi. Acha mnyororo ukauke dakika 10 hadi 15. Mafuta ya taa yakibaki ndani yataipunguza nguvu oili utakayotia.

Hatua ya 6. Paka oili upande wa ndani wa mnyororo, yaani upande unaotazama meno, katika mkondo wa chini. Mnyororo unapozunguka, vitu husukumwa kuelekea nje, hivyo oili iliyotiwa ndani hupita katikati ya maungio, na iliyotiwa nje hurushwa. Tone moja kila upande wa kila rola linatosha. Anzia kwenye pingili ya klipu ili ujue ulipomalizia.

Hatua ya 7. Zungusha tairi kwa mkono mara kadhaa, kisha acha pikipiki ikae. Jioni ni wakati mzuri, kwani oili hupata usiku mzima wa kupenya.

Hatua ya 8. Futa oili iliyobaki nje. Hatua hii huachwa na wengi, kumbe oili ya nje ndiyo inayonasa mchanga wa kesho. Hakikisha hakuna oili kwenye tairi wala kwenye breki. Kwenye pini tunaupunguza msuguano, lakini kwenye tairi na breki tunauhitaji.

Hatua ya 9. Usimwage mafuta machafu kwenye mtaro wala karibu na kisima. Yaweke kwenye chupa na uyapeleke kwa fundi anayekusanya oili chafu.

Ni mara ngapi? Vitabu vingi vya maelekezo hutaja kati ya km 500 na km 1,000, na kila baada ya kunyeshewa au kuosha pikipiki. Bodaboda inayokwenda Mkoani na kurudi Chake Chake mara mbili kwa siku hutembea km 120, hivyo hufikisha km 500 kwa siku nne au tano. Kwa dereva huyo, mara moja kwa wiki ndicho kiwango cha chini. Wakati wa masika, aongeze.

7. Kupima kulegea na uchakavu

Kulegea. Bonyeza mnyororo juu na chini katikati ya mkondo wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo, kucheza kwa milimita 20 hadi 30 kunafaa, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Pima sehemu kadhaa ukizungusha tairi, kwa sababu mnyororo haulingani kote. Usikaze ukawa kama uzi wa gambusi. Pikipiki ikibeba mzigo, tairi la nyuma hupanda na mnyororo hukaza zaidi. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi huharibu beringi na kulika haraka.

Uchakavu. Minyororo ya namba 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za cc 125 na 150, ina umbali wa milimita 12.7 kati ya pini na pini. Vuta mnyororo unyooke, kisha pima nafasi 20, yaani kutoka pini ya 1 hadi ya 21. Ukiwa mpya utapata 20 × 12.7 = milimita 254. Ukifika kama milimita 259, umerefuka kwa asilimia 2, na ni wakati wa kuubadilisha.

Muhtasari

Mnyororo hurefuka kwa sababu pini na bushi hulika. Mchanga na kutu huongeza ulaji huo, na chumvi huharakisha kutu. Mafuta hupunguza msuguano pale tu yanapofika kati ya pini na bushi, na hayafiki salama kama uchafu haujaondolewa. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kagua, safisha, kausha, paka, futa.

Maswali ya marudio

1. Pikipiki ina meno 15 mbele na 45 nyuma. Gurudumu endeshi likizunguka mara 900 kwa dakika, tairi la nyuma litazunguka mara ngapi?
2. Eleza kwa nini grisi nzito haifai kupakwa kwenye mnyororo wa pikipiki.
3. Mnyororo wa namba 428 umepimwa nafasi 20 ukapatikana milimita 257. Umerefuka kwa asilimia ngapi? Je, ubadilishwe?
4. Dereva wa bodaboda humwaga oili kwenye mnyororo kila siku bila kuusafisha, na bado mnyororo wake hauishi muda mrefu. Mweleze kosa lake kwa kutumia maarifa ya Fizikia.
5. Taja sehemu mbili za pikipiki ambako msuguano unahitajika na sehemu moja ambako haufai.

Majibu

1. Uwiano = 45 ÷ 15 = 3. Tairi litazunguka mara 900 ÷ 3 = 300 kwa dakika.
2. Ina mnato mkubwa, hivyo haipenyi kwa ukapilari hadi kati ya pini na bushi. Hubaki nje na kunasa mchanga.
3. Ongezeko = 257 − 254 = milimita 3. Asilimia = 3 ÷ 254 × 100 = 1.2 hivi. Bado haujafika asilimia 2, lakini upimwe mara kwa mara.
4. Oili huchanganyika na mchanga na unga wa kutu, ikawa kama msasa, na kuupeleka uchafu huo kati ya pini na bushi. Chembe ngumu huongeza ulaji wa chuma. Asafishe na kukausha kwanza, kisha apake oili safi kidogo na kufuta ya nje.
5. Unahitajika kwenye tairi na kwenye breki. Haufai kati ya pini na bushi za mnyororo.

Zoezi la nyumbani: Muombe mwenye pikipiki unayemfahamu akuruhusu kupima mnyororo wake kwa rula, injini ikiwa imezimwa. Andika namba ya mnyororo, urefu wa nafasi 20 na asilimia ya kurefuka. Mpe matokeo yako na umweleze maana yake. Ukiweza kumweleza akaelewa, na wewe umeielewa mada ya msuguano.